Ugaidi: Toka Msitu wa Nyandarua Hadi Twitter

Ukitamka neno gaidi hapa Giakanja, angalia kwanza nani anakusikia. Miaka ya 1950 serikali ya mkoloni iliwaita hivyo vijana wa Tetu walioingia msitu wa Nyandarua. Dedan Kimathi alikamatwa huku huku Tetu tarehe 21 Oktoba 1956, akanyongwa Kamiti Februari 1957. Marufuku dhidi ya Mau Mau iliondolewa mwaka 2003, na mwaka 2007 Kimathi akasimamishiwa sanamu Nairobi.

Haya, tulinganishe matoleo kama tunavyofanya na programu.

Mau Mau walidai ardhi na uhuru. Silaha zao zilikuwa panga na bunduki walizojiundia kwa mabomba ya maji. Ujumbe ulisafiri kwa barua na kwa mdomo. Waliua pia Waafrika wenzao, kama kule Lari mwaka 1953. Tusilifiche hilo.

Tarehe 7 Agosti 1998 likaja toleo jingine kabisa. Al-Qaeda haikudai shamba wala uhuru wa Mkenya yeyote. Ugomvi wake ulikuwa na Marekani, lakini lori la mabomba liliua watu 213 Nairobi, na Wamarekani kati yao walikuwa 12 tu.

Halafu Westgate, Septemba 2013. Al-Shabaab ilitaka jeshi letu litoke Somalia. Watu 67 waliuawa, na huku risasi zinalia kundi hilo lilikuwa likijitangaza Twitter. Akaunti ikifungwa, inafunguliwa nyingine.

Kwa hiyo sababu zimebadilika na zana zimebadilika. Jibu la serikali je? Aprili 1954, katika Operesheni Anvil, Wakikuyu, Waembu na Wameru wa Nairobi walikusanywa mtaa kwa mtaa, maelfu wakatiwa kizuizini bila kesi. Aprili 2014, katika Usalama Watch, maelfu ya watu, wengi wao Wasomali, walizolewa Eastleigh na kwingineko, wengi wakafungiwa uwanja wa Kasarani. Miaka 60 imepita na kasoro ni ile ile: kabila linageuzwa ushahidi.

Sisi wa Nyeri, ambao nyanya zetu walifungiwa katika vijiji vya mitaro na seng'enge, tulipaswa kuwa wa kwanza kupiga kelele. Muuaji lazima atafutwe. Lakini atafutwe yeye, si kila mwenye jina linalofanana na lake.