Wakimbizi, Idadi ya Watu na Kura: Ngara na Biharamulo, 1994–2010

Katika Whiteshift (2018), mwanasayansi ya siasa Eric Kaufmann anahusisha ongezeko la wahamiaji na kura za kihafidhina katika nchi za Magharibi. Hoja hiyo inapwaya ikivalishwa Kagera. Mwishoni mwa Aprili 1994, Wanyarwanda wapatao 250,000 waliingia Ngara kupitia Rusumo kwa takriban siku moja. Hawakuwa wapiga kura, ingawa kuni na maji waligombea na wenyeji. Wengi walirejeshwa kwao Desemba 1996. Jimbo jirani la Biharamulo Magharibi lilichagua TLP mwaka 2005, likarudi CCM katika uchaguzi mdogo wa 2009, likaenda CHADEMA mwaka 2010. Wakati huo kambi kubwa ya Benaco ilikwisha kufungwa zamani.