Ngawira Sebuleni: Safari ya Vitu vya Mpala hadi Brussels

Mwezi Juni 2022 manispaa ya Ixelles iliiondoa sanamu ya Jenerali Émile Storms katika bustani ya Square de Meeûs, ndani ya Quartier européen, mtaa wa Brussels wenye ofisi za Umoja wa Ulaya. Mwezi huohuo, tarehe 20, katika jiji hilohilo, familia ya Patrice Lumumba ilikabidhiwa jino lake, ambalo afisa mmoja wa polisi wa Ubelgiji alikuwa amelichukua mwaka 1961 na kulificha nyumbani kwake. Habari ya jino ilitangazwa duniani kote. Ile ya sanamu ilipita kimya zaidi, ingawa kisa chake ni kirefu na kinamgusa msomaji wa Kiswahili kwa karibu.

Mtu akitoka Square de Meeûs, akapita Place du Luxembourg na majengo ya vioo ya Bunge la Ulaya, hufika Rue Vautier, penye Taasisi ya Kifalme ya Sayansi Asilia. Wageni huiendea kwa ajili ya mifupa ya iguanodoni waliochimbuliwa Bernissart. Ni taasisi hiyo ambayo mwaka 1964 ilipokea fuvu la Lusinga lwa Ng'ombe, mtawala wa Watabwa wa magharibi ya Ziwa Tanganyika. Aliyeamuru kifo na aliyeuawa wakakaa mtaa mmoja kwa zaidi ya miaka hamsini, mmoja akiwa juu ya nguzo bustanini, mwingine akiwa ghalani, na baina yao mwendo wa dakika kumi hivi.

Storms alikuwa luteni tu alipotumwa Afrika mwaka 1882 na Jumuiya ya Kimataifa ya Afrika, chombo cha Mfalme Leopold II, ili ashike kituo cha Karema, kwenye mwambao ambao leo umo katika Mkoa wa Katavi. Mwaka uliofuata alivuka ziwa akajenga ngome Mpala, upande wa Kongo. Huko aliitwa Bwana Boma. Jina hilo la Kiswahili ni hati ya kihistoria peke yake: lugha ya misafara ilikuwa imeshafika na kuota mizizi, nayo ilimtambua mgeni huyu kwa kuta zake, si kwa cheo chake wala kwa mfalme wake. Alikodi rugaruga, akafanya undugu wa damu na chifu Mpala, akaanza kudai utii wa majirani. Lusinga alikataa.

Lusinga naye hakuwa malaika. Alijipatia bunduki na nguvu kwa kuwakamata watu na kuwauza, na wapo jirani zake ambao hawakumlilia. Lakini kilichotendeka Desemba 1884 hakikuwa hukumu ya mfanyabiashara wa watumwa. Watu wa Storms walilivamia boma lake, wakamuua, wakamkata kichwa, wakarudi Mpala na mateka na mali. Ndani ya mali hiyo ilikuwamo sanamu ya mti ya mhenga, ambayo kwa Watabwa ilibeba ukoo na haki ya kutawala. Kiswahili kina neno kamili kwa kitu kama hicho, nalo ni ngawira: mali ipatikanayo kwa vita.

Mwaka 1885 Leopold aligeuza macho yake kuelekea mlango wa Mto Kongo, na vituo vya ziwani vikaachiwa Mapadri Weupe wa Kardinali Lavigerie. Storms alirudi Ubelgiji na mafuvu matatu, la Lusinga likiwa mojawapo. Mwaka 1886 Dakta Émile Houzé aliyapima na kuyaeleza mbele ya wanachama wa Jumuiya ya Anthropolojia ya Brussels. Sanamu na silaha zilipamba nyumba ya Storms. Ipo picha ya sebule yake, iliyopigwa mwishoni mwa miaka ya 1920, miaka kadhaa baada ya kifo chake mwaka 1918: mikuki imepangwa ukutani, na sanamu za wahenga zimesimama kama saa za mezani. Miaka ya 1930 mjane wake aliyatoa yote kwa jumba la makumbusho la Tervuren. Mwanaanthropolojia Allen Roberts alikieleza kisa hiki chote katika kitabu chake cha mwaka 2013, na mwaka 2018 mwandishi Michel Bouffioux akakifikisha kwa wasomaji wa kawaida wa Ubelgiji.

Yafaa kukaa kidogo na uamuzi wa mjane yule. Kwa kutoa vitu kwa makumbusho, aliviingiza katika daftari. Kila kitu kilipata namba, jina la aliyekileta, na mara nyingine jina la aliyenyang'anywa. Shajara na barua za mumewe zikahifadhiwa pia. Ndiyo maana leo inawezekana kusema: hili ni fuvu la Lusinga, lilichukuliwa mahali fulani, mwezi fulani. Ubaya uliandikwa na mtendaji wake mwenyewe, na maandishi hayo yakawa ushahidi.

Nyumba nyingi hazikufuata njia hiyo. Kati ya mwaka 1885 na 1960, maafisa, wahandisi, mahakimu, wauguzi na mapadri wa Kibelgiji walikwenda Kongo na kurudi, na ni wachache waliorudi mikono mitupu. Mwenye nyumba akifa, warithi hugawana fedha na samani, kisha humwita mtu wa kuisafisha nyumba kuanzia ghala la chini hadi darini. Asubuhi ya pili masanduku yapo juu ya mawe ya Place du Jeu de Balle, katika mtaa wa Marolles, ambako soko la vikuukuu limekaa tangu 1873 na hufunguliwa kila siku. Vile vinavyotambuliwa kuwa na thamani hupanda mlima hadi Sablon, kwenye maduka ya sanaa za Kiafrika na soko la vitu vya kale la Jumamosi na Jumapili. Vinavyobaki ni postikadi, picha za kikundi mbele ya misheni, vinyago vilivyochongwa kwa ajili ya watalii, visu, mikeka, vitabu vya sala.

Hapo ndipo wakaazi wapya wa Quartier européen wanapoingia katika historia hii, mara nyingi bila kujua. Mfanyakazi wa Tume ya Ulaya aliyetoka Lisbon au Tallinn hutafuta kitu cha kupamba nyumba ya kupanga. Akichoka na Brussels, hushika barabara ya Ufaransa mwishoni mwa wiki: Lille kwa gulio kuu la wikendi ya kwanza ya Septemba, Amiens, au kijiji chochote chenye vide-grenier, yaani siku ya kumwaga yaliyomo darini. Sheria ya Ufaransa humruhusu raia wa kawaida kuuza hivyo vitu vyake vya nyumbani mara mbili kwa mwaka. Meza hupangwa mbele ya kanisa, watoto huuza wanasesere wao, na bibi wa kijiji huuza sanduku la babu mdogo aliyekuwa mmisionari.

Si ajabu sanduku hilo likawa na Tanganyika ndani yake. Mashirika yaliyohubiri kwa Kiswahili yalijaa vijana wa mashambani mwa Ufaransa. Kapteni Léopold Joubert, aliyefika Mpala mwaka 1887 kuwalinda Mapadri Weupe kwa bunduki, alizaliwa Saint-Herblon, si mbali na Nantes; alioa mwenyeji, akafia huko mwaka 1927. Charles Sacleux, ambaye kamusi yake ya Kiswahili na Kifaransa ilianza kuchapwa Paris mwaka 1939, alikuwa mtoto wa Pas-de-Calais. Watu wa namna hii waliandika barua kwa mama zao, wakatuma picha kwa parokia zilizowachangia, na vitu vya kuonyesha waumini nini kimefanywa kwa sadaka yao.

Tofauti ya meza ya kijijini na ghala la Rue Vautier, basi, si ubora wa kitu wala umri wake. Ni jina. Katika biashara ya vikuukuu, kitu huuzwa rahisi kwa sababu kimekatwa na mwenyewe, na muuzaji mwerevu haulizi sana. Afrika Mashariki imezoea mwendo wa pili wa jambo hili: mtumba wa nguo hufika Gikomba au Karume bila jina la aliyeivaa, na hakuna anayedhurika. Sanamu ya mhenga ikipoteza jina, ukoo mzima umepoteza shahidi wake, na hakuna atakayejua pa kuidai.

Sheria ya Ubelgiji ya tarehe 3 Julai 2022 kuhusu kurudisha mali zilizochukuliwa wakati wa ukoloni inahusu makusanyo ya serikali kuu. Sebule za watu na masoko yao haikuzigusa. Mabaki ya binadamu nayo yaliachwa nje ya sheria hiyo, hata fuvu la Lusinga lenye jina na tarehe lisiweze kurudi kwa mlango huo. Wabunge walikuwa na hoja kwamba binadamu hastahili kuwekwa fungu moja na vitu, hoja yenye heshima. Lakini kwa jamaa walioko milima ya Moba, tokeo lake ni kusubiri zaidi.

Karatasi zina bahati tofauti. Xavier Luffin, wa Chuo Kikuu Huru cha Brussels, amezikusanya na kuzichapisha hati za Kiarabu na za Kiswahili, za mwaka 1880 hadi 1899, zilizomo katika hifadhi za nyaraka za Ubelgiji. Ni barua, mikataba na maelezo ya watu wa misafara na watawala, na Kiswahili chake kimeandikwa kwa herufi za Kiarabu. Kwa muda mrefu karatasi za namna hiyo zilionekana na wengi kuwa za Kiarabu, zikapitwa. Mtu wa Lamu, Unguja au Ujiji aliyefundishwa chuoni husoma mstari wa kwanza kwa sauti, naye husikia lugha yake. Huko Jeu de Balle, asubuhi ya mvua, karatasi kama hiyo ikitokea katikati ya bahasha za stempu, muuzaji ataiita maandishi ya Kiarabu na kutaja bei ya kiunzi cha picha.