Mwenye Kufafanua Hesabu Ana Ujira Wake



Ujiji ni mji wa hesabu tangu kale. Katika karne ya 19 sokoni kwetu shanga za sofi zilitumika kama fedha, na asiyejua kuhesabu alipunjika. Hata leo hupunjika, na mara nyingine kosa huwa la mwalimu.

Alifariki mvuvi mmoja wa dagaa, akaacha mke, mwana na binti. Mtumbwi na nyavu vikauzwa, madeni yakalipwa, zikabaki shilingi 2,400,000. Nikatamka, "Mke ana thumni," nikafunga kitabu. Mjane akanyamaza, nami nikadhani amefahamu. Baadaye nikasikia kuwa shemeji yake amempa laki moja, naye kapokea na kushukuru! Dhuluma ni ya shemeji. Lakini mimi nilisema nisifahamike.

Nikarudi. Nikapanga punje 24 za mahindi mkekani: tatu za mama, kumi na nne za mwana, saba za binti; kila punje ni laki moja. Mama akahesabu kwa kidole chake, akaidai haki yake, akaipata.

Waliotutangulia walilijua jambo hili. Muhammad bin Musa al-Khwarizmi aliandika kitabu chake cha al-jabr huko Baghdad, zama za Khalifa al-Maamun, aliyetawala mwaka 813 hadi 833. Khalifa ndiye aliyemhimiza kutunga muhtasari wa hesabu zenye kuwafaa watu: mirathi, wasia, biashara, kupima ardhi na kuchimba mifereji. Hakutumia alama za mafumbo. Alieleza yote kwa maneno, na sehemu kubwa ya kitabu ni masuala ya wasia na mirathi. Mwaka 1145 Robert of Chester alikifasiri kwa Kilatini, na Ulaya ikafaidika.

Wamarekani nao wameuona uzito wa kazi hiyo. Tangu mwaka 1925 chama chao kimoja cha hisabati hutoa Tuzo ya Chauvenet, na wa kwanza kuipata alikuwa Gilbert Bliss. Tuzo hiyo haitafuti mvumbuzi wa kanuni mpya. Humtafuta aliyeandika makala yenye kuifafanua hisabati vizuri.

Basi enyi walimu wenzangu, msifunge kitabu kabla ya kumwuliza mwanafunzi, "Umefahamu nini?" Elimu ya mirathi ni amana, na amana haifiki mpaka mwenyewe aishike mkononi.

Wabillahi tawfiq.