Redio ndogo ya mfukoni: ilikotoka, inavyofanya kazi, na namna ya kuitunza

Hapa tumezoea kuzungumzia mbegu, mbolea na chanjo. Leo tuzungumzie kifaa ambacho hakimo kwenye orodha ya zana za kilimo, ila kwa maoni yangu kimefanya kazi ya ugani kuliko pikipiki yangu. Ni ile redio ndogo ya kuingia mfukoni, yenye maandishi FM, MW, SW1 na SW2 ubavuni na antena ya kuvuta.

Sababu ya kuandika ni hii. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa utabiri wa vuli, wa masika na wa msimu, na utabiri huo husomwa redioni. Lakini mvua zikichelewa, nikimuuliza mtu aliyepanda mapema kama alisikia, jibu huwa ni lilelile: redio ilikufa. Ukiomba uione, inaletwa. Ukifungua kifuniko cha nyuma unakuta betri zimevuja, springi zimeliwa na kutu, na pengine hilo ndilo tatizo pekee. Mtu amepoteza debe la mbegu kwa sababu ya betri mbili zilizosahaulika ndani tangu mwaka jana. Ukijua redio hii ilivyotengenezwa na ilipita njia gani hadi kukufikia, kuitunza hakutakuwa jambo la kukariri.

Zamani redio haikuwa kitu cha mfukoni. Ndani yake kulikuwa na valvu, yaani taa za kioo ambazo lazima zipashwe moto ndipo zifanye kazi, na zilihitaji umeme wa volti nyingi. Mahali pasipo na umeme wa waya ilibidi uwe na betri kubwa na nzito. Kwa hiyo redio ilikaa kwa mkuu wa wilaya, misheni na kwa mfanyabiashara wa mjini. Sauti ya Dar es Salaam ilipoanza kurusha matangazo mwaka 1951, mkulima wa kijijini aliisikia kama alibahatika kupita karibu na nyumba ya mwenye nayo.

Jirani zetu wa Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia, walitangulia kutafuta dawa ya tatizo hilo. Afisa habari mmoja wa serikali ya kikoloni pale Lusaka, Harry Franklin, alizunguka kwa viwanda vya Uingereza akiwaomba watengeneze redio ya bei nafuu kwa ajili ya mwananchi wa kawaida wa Afrika. Wengi walimkatalia. Mwishoni Ever Ready, kampuni ya betri, ilikubali, na mwaka 1949 ikatoka redio ya duara, ya alumini, iliyopakwa rangi ya buluu. Kwa kuwa bodi yake ya kwanza ilitokana na sufuria, ikaitwa kwa Kiingereza redio ya sufuria. Bei yake ilikuwa pauni 5, na betri ililipiwa kando, zaidi ya pauni 1, ikidumu saa 300 hivi. Hebu tafakari: kampuni ya betri ndiyo iliyokubali. Redio unanunua mara moja, betri unanunua maisha yako yote. Hesabu hiyo haijabadilika mpaka leo, ndiyo maana nusu ya makala hii ni betri.

Kilichobadilisha kila kitu ni transista. Desemba 1947, katika maabara za Bell huko Marekani, John Bardeen na Walter Brattain, wakifanya kazi chini ya William Shockley, walifanikiwa kukuza umeme kwa kipande kidogo cha madini badala ya taa ya kioo. Wote watatu walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1956. Transista haipashwi moto, haivunjiki ikianguka, na inatosheka na volti chache. Oktoba 1954 ikatangazwa redio ya kwanza ya transista kuuzwa madukani, Regency TR-1, kwa dola 49.95. Ilikuwa na transista nne tu na bendi moja. Mwaka 1957 Wajapani wa Sony wakaja na TR-63 na kuiita ya mfukoni. Inasimuliwa kwamba haikuingia vizuri kwenye mfuko wa shati la kawaida, basi wauzaji wao wakashonewa mashati yenye mifuko mikubwa zaidi. Biashara ni biashara.

Redio hizo za bendi moja zingetufaa kidogo sana sisi. Mmarekani alikuwa na kituo karibu na kwake. Sisi tulikuwa na mitambo michache, nchi pana, na milima katikati. Hapo ndipo bendi nyingi zinapopata maana, na ndipo watu wengi wanapokosea hata leo.

Mawimbi ya FM husafiri kama mwanga wa tochi: kilima kikikaa katikati, umekosa. Ukiwa bondeni panda juu kidogo, au sogea dirishani na uvute antena yote. Masafa ya kati, yaani MW, hufuata ardhi na kufika mbali zaidi, na usiku hufika mbali mno. Masafa mafupi, SW, hupanda angani, yakagonga tabaka lenye chembe za umeme, yakarudi chini mamia au maelfu ya kilomita kutoka yalikotoka. Tabaka hilo lilidhaniwa kuwapo mwaka 1902 na Heaviside wa Uingereza na Kennelly wa Marekani, kila mmoja kwa nafasi yake, na Edward Appleton akalithibitisha mwaka 1924. Naye alipata Nobel, mwaka 1947.

Kwa mkulima, Nobel ya Appleton ina faida moja ya moja kwa moja: tabaka hilo hubadilika mchana na usiku kwa sababu ya jua. Ndiyo maana kituo ulichokipata vizuri saa mbili usiku kwenye SW hukipati saa sita mchana, na redio haina kosa. Kanuni ninayowapa watu ni kwamba usiku tafuta kwenye namba ndogo za megahezi, kama 6 au 7, na mchana tafuta kwenye namba kubwa, 15 au 17. Kama mtangazaji anataja mita na redio yako imeandikwa megahezi, gawanya 300 kwa mita hizo. Mita 49 ni megahezi 6 na kidogo, mita 25 ni kama 12. Zungusha kitafutio polepole sana, maana kwenye SW upana wa ukucha unabeba vituo kadhaa.

Kosa jingine ni antena. Ile ya kuvuta ni ya FM na SW. Kwenye MW haisaidii hata ukiivuta mpaka ing'oke, kwa sababu antena ya MW imefichwa ndani: kijiti cheusi cha feraiti kilichozungushiwa waya mwembamba wa shaba. Ukitaka MW isikike, geuza redio yenyewe, taratibu, kama unayetafuta upande wa upepo. Kwa SW unaweza kuongeza waya wa mita tano au zaidi, ukaubana kwenye antena na kuufunga juu ya mti. Radi zikianza, uondoe. Msisubiri mvua ifike, ngurumo ya kwanza tu inatosha.

Kwa bendi hizo watu wetu walisikia dunia. Cairo walianza matangazo ya Kiswahili mwaka 1954, BBC mwaka 1957, Sauti ya Amerika mwaka 1962, na Deutsche Welle mwaka 1963. Nyumbani, Redio Tanzania Dar es Salaam, iliyopata jina hilo mwaka 1965, ilitumia masafa ya kati na mafupi kuifikia nchi nzima. Redio zenyewe zikaanza kutengenezwa hapahapa: Philips Arusha, na Matsushita ya Japani Dar es Salaam, kwa jina la National, pamoja na betri zake. Wazee wakisema "betri ya National" wanamaanisha hiyo.

Sasa nifike mahali ninapopapenda zaidi kwenye historia hii. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima iliona kwamba redio peke yake inasikika na kusahaulika. Ikaanzisha kampeni za vikundi vya kusikiliza: Uchaguzi ni Wako mwaka 1970, Wakati wa Furaha mwaka 1971, Mtu ni Afya mwaka 1973, na Chakula ni Uhai mwaka 1975. Utaratibu ulikuwa rahisi. Kikundi kinakutana kwa saa iliyopangwa, kinasikiliza kipindi, kiongozi anasoma kijitabu, wanajadili, kisha wanaamua watafanya nini kijijini kwao. Mtu ni Afya iliendelea wiki 12 na ikafikia karibu watu wazima milioni 2. Walichimba vyoo, wakafukia madimbwi, wakafyeka majani karibu na nyumba. Hakuna afisa ugani, hata apewe gari, anayeweza kufika kwa watu milioni 2 ndani ya wiki 12.

Zingatia kwamba redio ilikuwa moja, na watu wengi kuizunguka. Redio ya mfukoni imetupa uhuru wa kusikiliza shambani au malishoni, lakini pia imemfungia mtu mmoja habari zote. Nisemavyo kwenye mikutano, na baadhi ya wazee hununa: redio ikiwa mfukoni mwa baba, na baba yupo kijiweni, mama anayepalilia hasikii utabiri wala tangazo la viwavijeshi. Kama nyumbani kwenu kuna redio moja, kubalianeni saa ya taarifa ya habari na kipindi cha kilimo, na saa hiyo redio iwe nyumbani. Vikundi vya kuweka na kukopa navyo vinakutana kila wiki. Dakika 20 za kipindi kabla ya kuhesabu hisa hazimchelewesha mtu.

Turudi kwenye betri. Betri ya kawaida ya redio asili yake ni kazi ya Mfaransa Georges Leclanché mwaka 1866, ambayo ilikuwa na majimaji, na Mjerumani Carl Gassner akaifanya kavu miaka 20 baadaye. Ganda la betri hizi za bei nafuu ni zinki, na zinki hiyo ndiyo inayoliwa kutengeneza umeme. Betri inapoisha, maana yake ganda limekuwa jembamba au limetoboka, na chumvi ya ndani inatafuta njia ya kutoka. Haivuji kwa bahati mbaya, imeundwa hivyo. Kwa hiyo betri iliyochoka haikai ndani ya redio hata siku moja, na redio isiyotumika wiki mbili itolewe betri.

Kuanika betri juani kunarudisha sauti kidogo, ni kweli, kwa sababu joto huharakisha kemikali iliyobaki. Lakini unaipa nguvu ya saa moja na kuikaribisha kuvuja. Usichanganye mpya na ya zamani, maana ya zamani itamalizwa na mpya, na ndiyo itakayovuja kwanza. Na watoto wasipasue betri kutafuta unga mweusi, hata kama wazazi wao waliutumia kupaka ubao wa shule.

Ikishavuja, usikate tamaa. Toa betri, kwangua unga kwa kijiti kikavu, futa kwa kitambaa chenye magadi kidogo yaliyoyeyushwa majini. Kama betri ilikuwa ya alkali, yaani zile za bei ya juu, tumia ndimu badala ya magadi. Kisha kitambaa chenye maji safi, kausha kivulini mpaka siku ya pili, na usugue springi kwa msasa laini mpaka zing'ae. Nawa mikono vizuri na usiguse macho.

Redio nyingi zinazouzwa minadani sasa zina tochi, nafasi ya kadi, na betri bapa ya BL-5C, ileile ya simu ya kitochi. Hiyo ni nafuu kwako kwa sababu unaichaji kwa sola na inapatikana kwenye duka la simu. Ikivimba itoe, usiitoboe wala kuitupa motoni. Ukinunua redio, isikilize kwenye bendi zote palepale dukani, sio FM peke yake. Masafa mafupi yamepungua kweli, na Deutsche Welle walifunga mtambo wao wa Kigali mwaka 2015 baada ya miaka 50. Lakini FM ya wilayani ikizimika umeme, au mnara wa simu ukianguka wakati wa mafuriko, bendi hizo nyingine ndizo utakazobaki nazo.

Vumbi lipigwe kwa brashi kavu, sio kitambaa cha maji. Ukienda malishoni, funga redio kwenye mfuko wa nailoni mvua ikinyesha, lakini usiiache humo juani. Kama yako ina tatizo ambalo sijaligusa, ilete siku ya mnada. Huwa nakaa karibu na josho hadi saa sita, na bisibisi ninayo.