Kwani Ulikosa Kozi?

Ambia mtu hapa Kenya kwamba unasoma masta ya kilimo. Jibu la kwanza: "Kwani ulikosa kozi?" La pili: "Si ungesoma kitu ya maana." Na si ajabu. Shuleni tulifunzwa mapema kwamba jembe ni adhabu. Umechelewa? Lima pale nyuma ya choo. Umepiga kelele? Ng'oa kisiki. Halafu mtoto huyo huyo akifika chuo tunataka aone udongo ni sayansi.

Mimi chuo niliacha, kwa hivyo sina digrii ya kutetea hapa. Lakini nimesoma historia ya hii kitu, na naona dharau yetu ni ya zamani kuliko mwalimu wa zamu yeyote.

Tuanze mbali kidogo, Trinidad. Ndiyo, kile kisiwa cha Karibea. Miaka ya 1920 Waingereza walifungua huko chuo kikaitwa Imperial College of Tropical Agriculture. Kuanzia 1925 walikuwa na mpango wa kuandaa maafisa wa kilimo wa makoloni: ukishapata digrii unafadhiliwa mwaka mmoja Cambridge, mwaka mmoja Trinidad, kisha unatumwa Afrika au kwingineko. Hiyo ndiyo ilikuwa masta ya kilimo ya enzi hizo. Kijana wa miaka ishirini na kitu, hajui Kikamba wala Kikuyu, anashuka wilayani tayari ni mtaalamu wa shamba la shosho yako.

Na sisi? Njoro, mwaka wa 1939, Lord Egerton alianzisha shule ya kilimo, lakini ya vijana wa Kizungu. Ilifungulia rangi zote mwaka wa 1961, miaka miwili tu kabla ya uhuru. Makerere ilikuwa ikifunza Waafrika wachache kilimo, lakini wakitoka huko wanakuwa wasaidizi wa yule kijana wa Trinidad. Kahawa yenyewe Mwafrika alikatazwa kuipanda kwa miaka mingi, mpaka majaribio madogo yalipoanza Kisii, Embu na Meru miaka ya 1930. Kusoma ni kwa wengine, kuchimba ni kwako. Hapo ndipo jembe lilipokuwa adhabu.

Mwaka wa 1938 serikali iliamua kwamba ng'ombe wa Ukambani ni wengi mno, wanamaliza nyasi na udongo unabebwa na mvua. Ikaanza kuwanyakua kwa nguvu na kuwauza. Wakamba hawakuandika barua. Muindi Mbingu aliongoza maelfu, wanaume kwa wanawake, wakaenda Nairobi na kukaa huko wiki kadhaa. Serikali ikarudi nyuma, ingawa Mbingu mwenyewe alikamatwa na kupelekwa Lamu. Mwaka wa 1947 ikawa zamu ya Murang'a: watu walikuwa wakilazimishwa kuchimba matuta, kazi iliyowaangukia zaidi kina mama, mpaka wakakataa.

Sasa tusidanganyane. Udongo ulikuwa unaisha kweli. Mtaalamu hakuwa amekosea kuhusu mmomonyoko. Lakini huwezi kuwasukuma watu kwenye kipande kidogo, uchukue ardhi nzuri uwape walowezi, halafu uje na cheti chako useme shida ni ng'ombe. Masomo yalimfunza kupima mteremko. Kuuliza kwa nini watu wamejaa kwenye huo mteremko haikuwa kazi yake.

Na matuta yenyewe hayakuwa na makosa. Amri ndiyo ilikuwa na makosa. Baadaye wakulima wa Machakos walichimba matuta wenyewe, kwa namna waliyoipenda: unachimba mtaro, udongo unaurusha upande wa juu. Fanya juu. Leo fungua kitabu cha kuhifadhi udongo kilichoandikwa kwa Kiingereza, hata cha masta huko Ulaya, na utapata hayo maneno mawili hivyo hivyo, bila kutafsiriwa. Hiyo hunifurahisha kila nikiikumbuka.

Halafu kuna Wangari Maathai. Wengi tunajua Nobel na miti, tunasahau kwamba huyu mama alikuwa mtu wa maabara. Masta alichukua Pittsburgh, Marekani, mwaka wa 1966. Akarudi nyumbani, akaenda pia Ujerumani kwa utafiti, na mwaka wa 1971 akapata PhD katika Chuo Kikuu cha Nairobi, mwanamke wa kwanza Afrika Mashariki na ya Kati. Utafiti wake ulikuwa juu ya jinsi korodani za ng'ombe zinavyoanza kukua kabla hajazaliwa. Hakuna mti hata mmoja hapo.

Miti ilikuja kwa njia ya kupe. Alikuwa akichunguza ndigana, ule ugonjwa wa ng'ombe unaoletwa na kupe, na ili uwapate kupe lazima uende mashambani. Huko akaona mito imekuwa rangi ya udongo na ng'ombe wamekonda mpaka mbavu zinahesabika. Angeweza kuokota kupe wake arudi maabara. Badala yake alisikiliza wanawake wa vijijini, na walichotaka kilikuwa kuni, maji safi na chakula.

Mwaka wa 1977 kazi ya Green Belt ikaanza. Maafisa wa misitu walishangaa: kina mama wa kijijini wataoteshaje miche, na kupanda miti kunataka watu wenye diploma? Huyu ni mtu mwenye PhD, angekubaliana nao kirahisi. Lakini yeye aliwaita wale kina mama wataalamu wa misitu wasio na diploma. Walianza na mbegu walizookota wenyewe na mikebe iliyotobolewa chini. Alipopewa Nobel mwaka wa 2004, walikuwa wamepanda takriban miti milioni 30.