Mkono, Mguu na Gia: Pikipiki za Zamani katika Pwani ya Kilwa na Lindi

Msafiri apitaye leo kwa basi kutoka Kibiti hadi Lindi hawezi kufahamu kwa urahisi hali ya njia hiyo kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003. Mto Rufiji ulivukwa kwa pantoni, na masika yalipoingia, tope na mchanga vilizuia vyombo njiani. Aliyesafiri kwa pikipiki alihitaji ustadi wa kubadili gia kuliko nguvu ya injini.

Pikipiki zilitumika Afrika Mashariki tangu Vita Kuu ya 1914–1918. Waingereza waliitwaa Kilwa Septemba 1916. Mwaka uliofuata yakawa mapigano ya Narungombe na Mahiwa. Wapagazi ndio waliobeba mizigo mingi, na ndio walioteseka zaidi. Haifai kuwasahau panapotajwa mashine. Triumph Model H, iliyotumiwa sana na jeshi la Uingereza, ilikuwa na injini ya cc 550 na gia 3, zilizobadilishwa kwa mkono kando ya tangi. Hivyo dereva aliachia usukani kwa mkono mmoja, pengine palepale gurudumu lilipozama mchangani.

Gia hizo hazikutaka haraka. Kupanda gia, dereva alipunguza mafuta, akakata klachi, akangoja kidogo ili meno yapunguze mwendo, ndipo akaingiza. Kushuka gia, aliongeza mafuta kidogo kabla ya kuachia klachi, injini ilingane na gurudumu. Sikio ndilo lililomwongoza: gia ikisaga, amekosea.

Mwaka 1928 Harold Willis wa kiwanda cha Velocette alibuni namna bora ya kubadili gia kwa mguu, na mikono ikabaki kwenye usukani. Lakini likazuka jambo jingine. Pikipiki nyingi za Kiingereza ziliweka gia mguu wa kulia na breki wa kushoto. Za Kijapani zikafanya kinyume. Aliyezoea BSA, akikabidhiwa Honda, angeweza kukanyaga gia akidhani ni breki, mbuzi akikatiza mbele yake. Kwa mwinjilisti mwenye mitaa ya mbali, kosa hilo lingeweza kuwa mwisho wa safari. Mazoezi yalianzia uwanjani, mwendo wa polepole, mpaka mguu usahau desturi yake ya kwanza. Ndipo mchanga ulipofuata, na hapo gia ndogo iliingizwa kabla ya kuufikia, kamwe si katikati yake.