MWAKA WA MAJIVU: UKAME HUJA, LAKINI GHALA LINA NINI?

Bismillahir Rahmanir Rahim.


Ndugu yangu Muislamu, naomba dakika zako chache turudi mwaka wa 18 Hijria, sawa na 639 Miladia. Mvua ilikatika Hijazi kwa miezi kama tisa. Ardhi ikakauka hadi upepo ukavuma vumbi mfano wa majivu, ndiyo maana wanahistoria wakauita 'Aamur-Ramaada, Mwaka wa Majivu. Mabedui wakaacha majangwa yao wakakimbilia Madina.

Khalifa alikuwa Sayyidna Umar bin Khattab (r.a.). Tazama alivyofanya.

Kwanza, alijinyima. Aliapa kutogusa samli wala nyama mpaka watu washibe. Akala mkate kwa mafuta ya zeituni, tumbo likamnguruma, rangi yake ikabadilika.

Pili, aliwaandikia magavana wake. Abu Ubayda (r.a.) akaja kutoka Shamu na ngamia 4,000 waliobeba chakula.

Tatu, aliamuru walaji wahesabiwe. Na hakuhesabu tu waliofika kwenye masufuria. Alihesabu pia wagonjwa na watoto waliobaki mahemani, wakapelekewa chakula chao. Zingatia hapo! Njaa haimpigi kila mtu sawasawa. Humuanza mtoto, mgonjwa na mama anayenyonyesha.

Nne, aliahirisha kukusanya zaka mwaka ule. Kisha akatoka na watu kuomba mvua, akimtanguliza Al-Abbas (r.a.), ami yake Mtume (s.a.w.). Mvua iliponyesha, aliwarudisha Mabedui makwao wakiwa na chakula cha njiani na vipando.

Umeona mpangilio? Dua ilikuwepo, na kazi ilikuwepo. Na kabla yake Nabii Yusuf (a.s.) aliwafundisha watu wa Misri kulima miaka saba, wale kidogo, na nafaka iliyobaki waiache katika mashuke yake kwa ajili ya miaka saba ya shida. Huyo ni Nabii anafundisha kuhifadhi chakula!

Sasa turudi kwetu. Wazee wa Ugogo wanaijua njaa ya Mtunya, ya miaka ya 1917 hadi 1920. Katika Vita Vikuu, majeshi ya Wajerumani na kisha ya Waingereza yalichukua nafaka, ng'ombe na vijana wa kubeba mizigo. Mvua ilipokosekana baadaye, ghala lilikuwa tupu na nguvukazi haipo. Ukame ulikuta nyumba imeshabomolewa.

Leo hakuna jeshi linalochukua mtama wetu. Tumeuacha wenyewe. Mahindi yalitoka bara la Amerika, ni neema ya Allah, hatuyakatai. Lakini mvua ikikata wakati yanapochanua, msimu umekwisha. Mtama na uwele huvumilia. Mbaazi huzamisha mizizi chini kabisa. Muhogo husubiri ardhini. Na kunde hukupa majani leo, mbegu kesho, na shamba linapata rutuba.

Tena angalia sahani. Mtoto anashiba ugali mkavu, tunasema alhamdulillah, kumbe anadumaa. Maharage na kunde tumeuza zote gulioni, mayai tumeuza, mchicha tunauita chakula cha maskini. Tumbo limejaa, mwili una njaa.

Nami najisema kabla yako. Nimeswalisha swala ya mvua, nikalia pamoja na watu, tukarudi majumbani, wala sikumuuliza hata mmoja amepanda nini. Hilo ni pungufu langu, namuomba Allah anisamehe.

Basi msimu huu fanya matatu:
1. Tenga sehemu ya shamba kwa mtama, uwele au muhogo, na changanya kunde au mbaazi.
2. Usiuze mavuno yote. Bakisha chakula na mbegu.
3. Mjue jirani ambaye mtoto wake hajala mboga wiki hii. Mpelekee.

Ewe Allah, tuteremshie mvua yenye manufaa, tubarikie mashamba yetu, na usitufanye wenye kushiba huku jirani ana njaa. Aamin.

Wallahu a'alam. Mfikishie na mwenzako.